ZAMU ZA DUKANI NA HAKI YA KUPUMZIKA
Somo kwa wakatekumeni wanaokwenda kutafuta kazi mjini

Vijana wengi wa vijiji vya Kabare, Walungu na Kalehe huteremka Bukavu kutafuta riziki. Walio wengi hawaingii ofisini wala kiwandani. Hupata kazi ya kuuza: katika maduka ya vyakula, ya nguo, ya dawa, na katika depo za vinywaji. Mahali panapojulikana kwa kazi hiyo ni Nyawera, katika komini ya Ibanda, penye soko, maduka na watu wapitao mchana kutwa. Wakristo wa Bukavu wapajua Nyawera kwa sababu nyingine pia. Hapo ndipo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, mchungaji aliyewatetea wanyonge, alipouawa tarehe 29 Oktoba 1996.

Kijana afikapo mjini hukuta jambo asilolizoea kijijini. Shambani, jua na mvua ndivyo vinavyopanga saa za kazi, na giza likiingia kila mtu hurudi nyumbani. Dukani, saa hupangwa na mtu, kwa zamu. Zamu ikipangwa kwa haki, kazi huwa nyepesi. Ikipangwa kwa dhuluma, huvunja mwili, huharibu nyumba, na mara nyingi humtoa mkatekumeni katika mafundisho na katika Misa ya Dominika. Je, mkatekumeni afanye nini? Akubali yote kwa jina la utii? Aache kazi? Agombane?

Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha Vijana Wafanyakazi Wakristo mwaka 1925, aliwafundisha vijana njia ya hatua tatu: kuona, kupima, kutenda. Papa Yohane XXIII aliisifu njia hiyo katika waraka wake wa mwaka 1961 uitwao Mater et Magistra. Somo hili litaifuata.

I. KUONA

Tuchukue mfano. Duka moja lina zamu mbili. Ya kwanza yaanza saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana; ya pili yaanza saa 8 mchana hadi saa 3 usiku. Msichana mmoja amepewa zamu ya pili. Saa 3 usiku mlango unafungwa, lakini fedha hazijahesabiwa wala sakafu haijafagiliwa. Anatoka saa 4. Nyumba yao iko mbali, naye hutembea kwa miguu gizani. Anafika saa 5, anakula kilichobaki, analala saa 6 ya usiku. Kesho yake amepangiwa zamu ya kwanza: lazima aamke saa 10 alfajiri, atoke saa 11, afungue duka saa 12. Amelala saa 4 tu. Katika orodha ya duka ameandikwa kuwa alipumzika usiku kucha.

Siku nyingine mwenzake haji. Saa 8 mchana kapita wa duka anamwambia: «Endelea.» Basi anashika zamu zote mbili mfululizo, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku. Hizo ni saa 15 za kusimama. Siku tatu za namna hiyo peke yake zinatimiza saa 45.

Tena kuna mambo yaliyojificha ndani ya orodha. Ndugu wa mwenye duka daima hupata saa nzuri, na mgeni kutoka kijijini hupata usiku na Dominika zote. Orodha hubadilishwa Jumamosi jioni, hata mtu hawezi kupatana na rafiki wala kuahidi kitu kwa mwalimu wa dini. Mwingine akiomba ruhusa mara moja, juma lifuatalo hupangiwa zamu ngumu tupu, ajue adabu. Na liko ovu kubwa kuliko hayo: kapita anayempa msichana zamu njema kwa sharti la kukubali tamaa yake, au anayempa kijana zamu njema akimletea fedha kwa siri.

Haifai kuona upande mmoja tu. Wako wenye maduka wanaojitahidi kutenda haki huku biashara ni ngumu. Tangu vita vilipoingia Bukavu mwezi wa Februari 2025 na mabenki kufunga milango, wengi walipata hasara. Wako pia wafanyakazi wanaochelewa kila siku. Mara nyingi zamu mbili mfululizo haitokani na mwenye duka bali na mwenzi aliyelala, aliyelewa, au aliyedanganya kuwa mgonjwa. Yeye amestarehe, na mwenzake amebeba mzigo wake.

II. KUPIMA

1. Zamu yenyewe si kitu kibaya

Maandiko Matakatifu yanajua zamu. Makuhani wa Agano la Kale waligawanywa makundi 24, kila kundi na zamu yake hekaluni. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati chasema kwamba waligawanywa kwa kura, wote sawasawa (1 Nya. 24, 5). Hapo yapo mafundisho mawili: zamu ilijulikana mapema, na haikufuata upendeleo. Zakaria, baba yake Yohane Mbatizaji, alikuwa wa zamu ya Abiya; alikuwa akitumikia katika zamu yake alipotokewa na malaika (Lk. 1, 5-11). Zamu zake zilipotimia alirudi nyumbani kwake (Lk. 1, 23). Mungu alimtembelea kazini, naye hakukatazwa kurudi kwa mkewe.

Yetro, mkwewe Musa, alimwona Musa ameketi peke yake akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni. Hakumsifu kwa bidii yake. Alimwonya kwamba jambo hilo si jema, kwa maana atadhoofika yeye na watu walio pamoja naye, akamshauri achague wasaidizi wagawane kazi (Kut. 18, 13-23). Basi hata kazi takatifu, ikimlemea mtu mmoja, hapana budi igawanywe.

2. Dhuluma ya saa ni dhambi ya zamani

Wana wa Israeli walimwomba Farao ruhusa ya kwenda kumtolea Mungu sadaka. Farao alijibu kwamba ni wavivu, na ndiyo maana wanataka kwenda kusali. Kisha akaamuru wasipewe tena majani ya kufyatulia matofali, lakini hesabu ya matofali isipunguzwe hata moja (Kut. 5, 6-18). Huyu ndiye baba wa kila bwana anayepunguza wafanyakazi bila kupunguza kazi, na anayemwita mvivu mtu aombaye kwenda Misa. Tena yafaa kapita wasome habari ya wanyapara wa Kiisraeli katika sura hiyo. Waliwekwa juu ya ndugu zao, na hesabu ilipopungua wakapigwa wao. Anayekubali kuwa fimbo ya kuwachapa wenziwe hajui siku atakayochapwa mwenyewe.

Mfalme Solomoni alitoa watu 30,000 kwenda kukata miti Lebanoni. Aliwapeleka kwa zamu, 10,000 kila mwezi: mwezi mmoja kazini, miezi miwili nyumbani (1 Fal. 5). Hata hivyo nira ilizidi kuwa nzito. Solomoni alipokufa, watu walimwomba mwanawe Rehoboamu aipunguze. Wazee walimshauri awasikilize. Vijana wenzake walimshauri aongeze ukali. Akafuata vijana, na makabila kumi yakamwacha (1 Fal. 12). Watu hawakuanza kwa kuasi. Walianza kwa kuomba. Asiyewasikiliza waombao kwa heshima ndiye aliyeupoteza ufalme.

3. Amri ya tatu ni ngao ya mtumishi

Wengi hudhani kwamba amri ya kuitakasa siku ya Bwana ni mzigo aliowekewa mtu maskini. Kinyume chake, ni ngao yake. Katika Kumbukumbu la Torati (5, 14-15) Mungu anaamuru kwamba apumzike baba wa nyumba, na mtoto, na mgeni, na ng'ombe, na punda. Anaeleza na sababu: ili mtumwa na mjakazi wapumzike vilevile. Anawakumbusha Waisraeli kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Anayemnyima mtumishi wake pumziko anamrudisha Misri yule ambaye Mungu amemtoa.

Bwana wetu alifundisha kwamba sabato ilifanywa kwa ajili ya mwanadamu (Mk. 2, 27), naye akawaponya wagonjwa siku hiyo. Kwa hiyo Kanisa halimhukumu muuguzi, wala mwuza dawa, wala mlinzi anayeshika kazi Dominika kwa lazima ya kweli. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba mahitaji ya jamaa au huduma kubwa kwa watu yaweza kumwondolea mtu wajibu wa pumziko la Dominika. Lakini yaongeza kwamba kila Mkristo ajihadhari asiwalazimishe wengine, bila haja, kufanya kazi ya kuwazuia wasiitakase siku ya Bwana (na. 2185-2187). Basi lazima ni kitu kimoja, na tamaa ya faida ni kitu kingine.

4. Mafundisho ya Mapapa

Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum wa tarehe 15 Mei 1891, alifundisha kwamba katika kila mapatano ya bwana na mfanyakazi limo daima sharti, litamkwe au lisitamkwe, kwamba mfanyakazi apate pumziko la mwili na la roho. Kupatana vingine si haki. Maana hakuna awezaye kudai, wala kuahidi, kuziacha kazi ambazo mtu anawiwa na Mungu na nafsi yake mwenyewe. Alifundisha pia kwamba mtu akikubali masharti magumu kwa kuogopa njaa tu, huyo ameshurutishwa. Kukubali kwake hakuigeuzi dhuluma kuwa haki.

Maneno hayo yamjibu bwana anayesema: «Ulikubali mwenyewe.» Msichana wa mfano wetu alikubali kweli. Lakini alikubali kwa sababu nyumbani kuna wadogo wanaongoja unga.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa tarehe 14 Septemba 1981, alikaza kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Alihesabu pumziko miongoni mwa haki za mfanyakazi: pumziko la kila juma, walau Dominika, na likizo ya kila mwaka.

5. Sheria za dunia

Kanisa halisemi peke yake. Mwaka 1957 Shirika la Kazi la Kimataifa, huko Geneva, lilipitisha Mapatano Namba 106 kwa ajili ya watu wa maduka na ofisi. Yasema kwamba mfanyakazi apate pumziko la saa 24 mfululizo, si chini, katika kila siku saba.

Nchini Kongo iko Kanuni ya Kazi, Sheria Namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Imeweka mpaka wa saa za kazi za kawaida: zisizidi 45 kwa juma wala 9 kwa siku. Saa zinazozidi ni saa za ziada, nazo zastahili malipo ya nyongeza. Pumziko la kila juma ni lazima, na kwa kawaida ni Dominika. Asiye na mkataba wa maandishi asidhani kwamba hana haki. Aweza kuthibitisha kazi yake kwa njia nyingine. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yasema kwamba kazi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongo, tena yawaruhusu wafanyakazi kuunda vyama vyao.

Basi saa 15 za siku moja zaupita mpaka kwa saa 6. Siku tatu za zamu mbili zaumaliza mpaka wa juma zima.

6. Maswali matatu ya kupimia

Si kila zamu ngumu ni dhuluma. Mkatekumeni, kabla ya kulalamika, aipime zamu yake kwa maswali matatu.

Kwanza: Je, haja ni ya kweli? Mwenzi amejifungua, amefiwa, au ni mgonjwa: kumshikia zamu ni tendo la huruma, nalo lina thawabu. Lakini duka likikosa watu mwaka mzima kwa sababu mwenye duka hataki kuajiri, hiyo si dharura tena. Ni desturi mbaya.

Pili: Je, mzigo umegawanywa? Usiku na Dominika zikizunguka kwa wote, na kapita akichukua sehemu yake, hapo pana haki ingawa pana uchovu. Zikimwangukia mmoja daima, hapo pana upendeleo.

Tatu: Je, kilichotolewa kimerudishwa? Aliyetoa saa za ziada arudishiwe pumziko na alipwe. Mtume Yakobo anawaonya matajiri kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio cha wafanyakazi kimefika masikioni mwa Bwana (Yak. 5, 4). Saa ya mtu ni sehemu ya uhai wake. Anayeiiba amechukua kisichoweza kurudishwa kwa fedha peke yake.

III. KUTENDA

1. Mfanyakazi

(a) Aulize kabla ya kuingia. Kijana asipokee kazi kwa furaha tupu. Aulize: Nitaingia saa ngapi? Nitatoka saa ngapi? Siku yangu ya kupumzika ni ipi? Nikifunga usiku, nitafungua asubuhi? Amweleze mwenye duka tangu siku ya kwanza kwamba yeye ni mkatekumeni na kwamba ana siku za mafundisho. Ni rahisi zaidi kupatana mlangoni kuliko kugombana ndani.

(b) Aandike. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na saa pia. Anunue daftari ndogo. Kila siku aandike tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na jina la mwenzi aliyemwachia zamu. Asiongeze hata dakika moja ya uongo. Daftari ya kweli ni shahidi mpole asiyegombana na mtu.

(c) Awe mwaminifu kwanza. Afike mapema, asimcheleweshe mwenzake. Asichukue kitu dukani akisema moyoni, «Najilipa saa zangu.» Kujilipa kwa siri ni wizi, tena kwamwondolea nguvu ya kudai haki. Mwenye mikono safi husema bila kutetemeka.

(d) Asemezane na wenziwe. Mara nyingi zamu huweza kunyoshwa na wafanyakazi wenyewe kwa kubadilishana, mwenye duka akikubali. Mkristo ahitaji Dominika asubuhi. Mwislamu aweza kuhitaji Ijumaa mchana. Mama ahitaji siku ya kupeleka mtoto kwenye chanjo. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

(e) Aseme na mkubwa wake kwa heshima, mahali pa faragha, si mbele ya wanunuzi, wala si wakati wa hasira, maana hasira hasara. Aseme, kwa mfano, hivi:

— Mama, nashukuru kwa kazi uliyonipa. Nimekuja na ombi moja.
— Sema, mwanangu.
— Juma hili nimefunga duka usiku mara tatu, na mara tatu hizo nimelifungua kesho yake asubuhi. Saa zote nimeziandika humu. Nikiwa na usingizi nakosea kurudisha chenji, na hasara ni yako. Naomba anayefunga usiku asifungue asubuhi. Na Dominika naomba zamu ya mchana, nipate Misa na mafundisho ya asubuhi.
— Na Dominika asubuhi nani atauza?
— Tumekwisha kusemezana na mwenzangu, Mama. Yeye atashika Dominika asubuhi, kwa kuwa husali jioni ya Jumamosi. Nami nitafunga Jumamosi usiku kwa niaba yake.

Tazama namna ombi hili lilivyojengwa. Lina shukrani, lina hesabu, laonyesha faida ya mwenye duka, na laja na dawa mkononi. Heshima si utumwa.

(f) Akikataliwa, asikimbilie kuacha kazi wala asinyamaze tu. Aende kwa mwalimu wa dini au kwa padri, ambaye aweza kusema na mwenye duka, hasa akiwa Mkristo. Aulize pia kwenye Tume ya Haki na Amani ya Jimbo Kuu. Kwa sheria ya Kongo, shauri la mfanyakazi na bwana wake hupelekwa kwanza kwa Inspekta wa Kazi ili wapatanishwe, kabla ya kufika mahakama ya kazi. Kwa kuwa ofisi nyingi za Serikali zilivurugika Bukavu mwaka 2025, yafaa apate kwanza shauri la watu wenye busara, asije akajiingiza hatarini bure. Asiende peke yake.

(g) Jambo moja halina mazungumzo. Zamu njema ikiuzwa kwa dhambi ya uchafu au kwa rushwa, jibu ni hapana, na siku hiyohiyo awaambie wazazi au watu wa shirika lake la mtaani. Kazi hupotea na kupatikana. Nafsi haina duka.

2. Mkatekumeni na Dominika

Sheria ya Kanisa kuhusu Misa ya Dominika yawafunga waliobatizwa. Mkatekumeni hujizoeza, maana asiyejizoeza kabla ya Ubatizo hatajua kuishika baada yake. Kanisa ni mama. Limeruhusu kwamba Misa ya jioni ya Jumamosi itimize wajibu wa Dominika, na paroko aweza kumwondolea mtu wajibu huo kwa sababu ya haki. Kwa hiyo aliyezuiwa kweli na kazi asikate tamaa akajiona ametupwa. Amwarifu mwalimu wa dini mapema, aombe saa nyingine ya kufundishwa, asome Injili ya siku hiyo hata kama ni dakika chache kabla ya kufungua duka. Lakini asifanye kazi kuwa kisingizio: anayekosa mafundisho kwa sababu ya zamu, kisha akipata Dominika huru akalala hadi mchana, huyo hakuzuiwa na bwana wake.

3. Kapita na mwenye duka

Mwenye duka Mkristo asidhani kwamba sadaka yake kanisani yafunika machozi ya dukani kwake. Mtume Paulo awaagiza mabwana wawape watumishi haki na usawa, wakijua kwamba wao nao wana Bwana mbinguni (Kol. 4, 1). Basi aitangaze orodha mapema. Aizungushe usiku na Dominika kwa wote, ndugu zake wakiwamo. Asimpe mtu kufunga na kufungua mfululizo. Alipe saa za ziada. Asimrudishe msichana nyumbani peke yake usiku.

4. Wazazi na wanunuzi

Mzazi kijijini asiulize fedha tu. Aulize pia: Mwanangu, walala saa ngapi? Wasali lini? Wapumzika siku gani? Mzazi anayedai fedha kila mwisho wa mwezi bila kuuliza hayo amekuwa kapita wa pili. Na mnunuzi naye ajichunguze. Mtu awezaye kununua sabuni Jumamosi, akangoja Dominika saa ya Misa, anasaidia kumfunga mwenzake nyuma ya meza ya duka.

MFANO WA MWENYE HERI ISIDORE BAKANJA

Kongo ina mfanyakazi wake mwenye heri. Isidore Bakanja alikuwa kijana wa Ekwateri. Alifanya kazi ya usaidizi wa mwashi, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Baadaye akawa mtumishi katika shamba la mpira huko Ikili. Alikuwa mtumishi mwaminifu, lakini bwana wake alichukia kwamba anawafundisha wenziwe sala na kwamba anavaa skapulari ya Bikira Maria. Alimwamuru aivue. Isidore alikataa. Akapigwa kwa mjeledi hata mgongo ukawa kidonda kimoja. Mkaguzi wa kampuni alipofika, Isidore alimwonyesha vidonda vyake na kumweleza ukweli wote. Kisha, alipokaribia kufa, alimsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea mbinguni. Alifariki mwezi wa Agosti 1909. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Yafaa kutazama mambo mawili kwa pamoja. Isidore alisamehe, na Isidore alisema ukweli. Hakulipiza kisasi, lakini hakuficha dhuluma. Wako wanaofundisha kwamba Mkristo mwema hunyamaza. Mwenye Heri Isidore hakunyamaza. Wako wanaofundisha kwamba mwenye haki lazima achukie. Mwenye Heri Isidore hakuchukia.

MASWALI YA KUJIKUMBUSHA

1. Je, zamu ni dhambi?
Hapana. Zamu iliyopangwa kwa haki ni msaada, kama zamu za makuhani hekaluni zilivyokuwa.

2. Amri ya tatu yamlinda nani hasa?
Yamlinda kila mtu, hasa mtumishi na mgeni, wasioweza kujitwalia pumziko wenyewe.

3. Mfanyakazi akikubali masharti mabaya kwa kuogopa njaa, je, masharti hayo yamekuwa haki?
Hapana. Aliyeshurutishwa na njaa hakukubali kwa hiari.

4. Zamu ngumu hupimwa kwa maswali gani?
Je, haja ni ya kweli? Je, mzigo umegawanywa? Je, kilichotolewa kimerudishwa?

5. Je, yaruhusiwa kujilipa kwa siri kutoka fedha za duka?
Hapana. Ni wizi. Haki hudaiwa kwa uwazi na kwa heshima.

6. Mfanyakazi mwenyewe aweza kuwadhulumu wenzake kwa saa?
Ndiyo. Achelewaye, au adanganyaye kuwa mgonjwa, anamtwika mwenzake zamu ya pili.

7. Kusamehe ni kuficha dhuluma?
Hapana. Mwenye Heri Isidore Bakanja alisamehe, naye alisema ukweli.

AZIMIO LA JUMA

Aliye kazini aanze daftari yake ya saa, na mara moja katika juma hili afike robo saa kabla ya zamu yake, ili mwenzake arudi nyumbani mapema. Aliye kijijini ampigie simu ndugu yake aliye mjini, amwulize alivyolala, kabla ya kumwomba kitu.

SALA

Ee Mtakatifu Yosefu, uliyefanya kazi kwa mikono yako na kupumzika siku ya Bwana pamoja na Yesu na Maria, uwaombee wote wafungao milango ya maduka usiku na kuifungua alfajiri. Uwapatie bwana mwenye haki, mwenzi mwaminifu, njia salama gizani, na Dominika ya kusali. Amina.